Barua kwa mwanangu: mwenye swichi ndiye mwenye dhima

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Tanga. Sisi tu wazima. Baba yako anaendelea na dawa zake za presha na ugomvi wake na kuku wa jirani, na mama yako mdogo anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unauliza kama kikundi chenu cha wazazi wa watoto viziwi huko Mwanza, chenye mfuko mdogo namna hiyo, kilipie programu ya mikutano ya video au kiendelee na ya bure, na kama ni kulipia, basi kilipie ipi. Unasema umeniuliza mimi kwa sababu nimekuwa katibu wa kikundi chetu cha hapa, cha namna hiyo hiyo, tangu nilipostaafu na nimekwisha kuonja karibu kila kitu.

Nitakujibu, ila utaniwia radhi nikianzia mbali kidogo, kwa maana swali la programu ipi huja baada ya swali la nani atakayeishika. Unalijua neno langu tangu udogo wako: mwenye swichi ndiye mwenye dhima. Mlikuwa mkinicheka wewe na kaka zako. Lakini nililipata kazini, enzi za Shirika la Posta na Simu kabla halijagawanywa mwaka 1994, tulipokuwa tukikaa mbele ya swichibodi na kuunganisha simu za mbali kwa mikono yetu, na dakika tatu zikiisha ni wewe opareta unayeingia katikati ya mazungumzo ya watu kuwauliza kama waongezewe. Kuna waliokuwa wakiingia kama polisi, na kuna waliongoja kwanza mtu amalize kulitaja jina la marehemu. Mtambo ulikuwa ule ule, na bei ilikuwa ile ile.

Programu za bure unazijua. Zoom ya bure hupokea watu hadi 100 lakini hufunga mkutano dakika ya 40. Google Meet ya bure huwapa watu watatu au zaidi dakika 60. Simu ya kikundi ya WhatsApp huchukua watu 32 na kila mzazi anayo tayari mkononi. Na Jitsi, ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote, haina saa ya kumfukuza mtu, ingawa tangu mwaka 2023 anayefungua chumba kwenye tovuti yao sharti aingie kwa akaunti yake. Kwa mashirika yaliyosajiliwa kuna mlango mwingine. TechSoup, iliyoanzia San Francisco mwaka 1987, huthibitisha kwamba shirika ni la hisani kweli, kisha hulifikishia programu za bure au za bei iliyopunguzwa kwa ada ndogo, na Google nao wana toleo la bure la Workspace, kifurushi chao cha barua pepe na mikutano, kwa mashirika yasiyo ya faida katika nchi zilizomo kwenye mpango wao. Wote watawaomba karatasi. Kwa hiyo, ikiwa bado hamjapata cheti cha Msajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, shilingi ya kwanza iende huko kabla ya leseni yoyote.

Wala msijenge nyumba yote juu ya zawadi. Mwaka 2025 Microsoft iliondoa leseni 10 za bure za kifurushi chake kikubwa ilizokuwa ikiyapa mashirika kama yetu, ikayaachia kifurushi chepesi na punguzo la bei. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Skype ikafungwa kabisa. Skype ile ile tuliyokuwa tukikupigia ulipokuwa masomoni, na baba yako akivaa shati lake la Ijumaa na kujipaka mafuta ya nywele ili akae mbele ya kompyuta ya mjomba wako. Mlikuwa mkimcheka yeye pia. Mimi sikumcheka, kwa sababu alielewa jambo ambalo wengi hawajalielewa hadi leo, kwamba kuonekana na mtu mwingine ni kuingia kwake.

Sasa nikueleze ule mkutano, ambao baadhi yake uliusikia kwa dada yako fundi cherehani, mtoto wa mama yako mdogo, lakini sidhani kama alikueleza wote.

Tulikuwa na wafadhili wa ng'ambo, kikundi kidogo kama sisi, nao wakaitisha mkutano kwa toleo la bure. Walitaka kuwanunulia watoto wetu vishikwambi. Dada yako, ambaye ni kiziwi tangu akiwa mchanga na ndiye mjumbe wa kamati anayeyajua maisha hayo kuliko sisi sote, alikuwa ameandaa hoja moja tu: watoto hawana haja ya vishikwambi kabla wazazi wao hawajafundishwa lugha ya alama, kwa sababu mtoto anarudi nyumbani na hakuna anayeweza kumuuliza ameshindaje. Alikaa mbele ya kamera amevaa blauzi nyeusi isiyo na maua, ili mikono yake ionekane vizuri. Mkalimani alikuwa chumba kingine kwa simu yake mwenyewe na kwa bando lake mwenyewe.

Programu hizi, mwanangu, zimetengenezwa kufuata sauti. Anayetoa sauti ndiye skrini inayemkuza. Dada yako alipoinua mikono aliendelea kuwa kidirisha kidogo pembeni, kama ukucha, na mmoja wa wafadhili alipokohoa skrini ikamrukia yule aliyekohoa. Tukamtazama akinywa maji. Mwendesha mkutano akaonyesha picha zake za vishikwambi, na vidirisha vikazidi kuwa vidogo hata mkalimani hakuonekana. Dakika za mwisho ndipo tulipopewa nafasi. Dada yako akaanza, mkalimani akaanza kumfuata kwa sauti, mwendesha mkutano akasema kabla sentensi ya kwanza haijaisha kwamba muda unakwisha na labda waandikiwe barua pepe, na kabla hajamaliza kuomba radhi kila kitu kikakatika. Dada yako aliendelea kwa muda kuzungumza na skrini, kwa sababu kwake yeye hakukuwa na kimya cha kumjulisha kwamba hakuna mtu tena.

Kesho yake wakaandika kwamba wamepata picha kamili ya mahitaji yetu. Vishikwambi vilikuja. Vingi viko kabatini, na nisipojizuia nitaandika kurasa nyingine mbili.

Huwa najibishana na nafsi yangu juu ya yule mwendesha mkutano. Nasema hakuwa na ubaya; alikuwa kijana, alisalimia vizuri, na huenda hakujua kwamba mwenye mkutano anaweza kumweka mtu mmoja mbele ya macho ya wote, na kwamba kila mshiriki anaweza kumbandika mkalimani kwenye skrini yake mwenyewe, jambo ambalo halidai leseni yoyote. Kisha najijibu kwamba aliyewaalika viziwi alipaswa kuuliza viziwi huhudhuriaje. Mwenye swichi ndiye mwenye dhima. Kisha tena najiambia kwamba kama wangekuwa wamelipia, dakika 40 zisingewakata, na hapo unaona kwamba swali lako halikuwa la kijinga hata kidogo. Lakini programu ya kulipia isingezuia kikohozi kukuzwa.

Liko pia jambo la kuchelewa kwa sauti, ambalo sisi wa swichibodi tulilijua mapema. Simu za Ulaya zilizopita kwenye setilaiti, iliyo takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, zilichelewa karibu robo sekunde kwenda na nyingine kurudi, na watu wakawa wanaingiliana bila kukusudia. Wataalamu waliopima mazungumzo katika lugha 10 na kutoa matokeo yao mwaka 2009 walikuta kwamba kwa wastani mtu huanza kujibu takribani milisekunde 200 tu baada ya mwenzake kunyamaza, na shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 upande mmoja. Mtandao wa bando la jioni ukizidi hapo, mwenye haraka huichukua zamu na mpole huikosa kila mara, wala si kwamba hakuwa na neno. Ongeza mkalimani, ambaye lazima aipate sentensi kabla hajaigeuza, na utaona kwa nini nawagombeza wenyeviti wanaosema "kama hakuna swali tuendelee" na papo hapo wakaendelea. Ngojeni. Hesabuni kimoyomoyo mpaka kimya kichoshe kidogo, kwa sababu kimya hicho ndicho alichokuwa akikingoja mzazi wa kijijini aliyejiunga kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Mkutano uliofuata tuliuitisha sisi, na hapo nilifurahi kwa namna ambayo baba yako husema imenizidi umri. Tulimpa dada yako uenyekiti. Mkalimani tukamleta ofisini na kumlipa, mwanga ukamkabili usoni badala ya kutoka dirishani nyuma yake, na kila aliyetaka kusema aliinua mkono na kungoja, wakiwamo wale wale wafadhili. Katikati dada yako akafanya utani juu ya wajumbe wanaosahau kufunga maikrofoni, maana alikuwa akiona midomo ya watu ikigombana na watoto wao. Mkalimani akacheka kabla hajautafsiri, wajumbe wetu viziwi wakacheka, na sisi wenye masikio tukabaki tunatazamana hadi utani ulipotufikia. Kwa mara ya kwanza tulikuwa sisi wa mwisho kucheka, na nadhani ilitufaa.

Unasema pia kwamba kuna wajumbe wenu wanaotaka iwe sheria kila mtu awashe kamera. Hapo sina jibu jepesi. Saa moja ya mkutano wa video wa watu wengi inaweza kula karibu GB nzima au zaidi, wakati sauti peke yake hula sehemu ndogo tu ya hiyo, na mama anayeuza dagaa hana GB ya kuchezea. Isitoshe, yumkini anaishi katika chumba kimoja na hataki kitanda chake kionwe na mwalimu mkuu. Ushauri wa kawaida wa kubana matumizi ni kuzima video. Lakini kwa kiziwi kuzima video ni kumfunga mdomo na masikio kwa pamoja. Mimi ningesema anayezungumza awashe, anayetumia alama na mkalimani wawashe daima, na wengine waachwe kwa heshima yao. Ila nikisema hivyo nakumbuka kwamba anayetumia alama huhitaji pia kuona nyuso za wanaomsikiliza ajue kama ameeleweka, nami narudi nilikoanza. Yaamueni hayo pamoja na viziwi wenyewe, kabla ya mkutano.

Ninachoshikilia bila kubishana na mtu ni hiki: neno "bure" huwa ni la ofisi. Ofisi isipolipa, kuna mzazi anayelipa kwa bando lake na mkalimani anayelipa kwa jioni yake. Katika bajeti yenu wekeni kwanza mkalimani, kisha vocha za bando zitumwe kwa wajumbe siku moja kabla, na pale wazazi wanapokaa jirani wakusanyeni kwenye kompyuta moja yenye laini moja, ilimradi kamera iwafikie wote. Kitakachobaki ndicho cha leseni. Salamu nazo msizifute kwa ajili ya dakika 40. Fungueni chumba mapema, wanaofika kwanza wasalimiane wapendavyo, na muda ukifika mwenyekiti awasalimie wote kwa niaba. Msimzime mzee maikrofoni bila kumwambia, hata kama jogoo wake anawika. Wala asirekodi mtu kabla hajaomba ruhusa, hasa watoto wanapoonekana, kwa kuwa tangu tulipopata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hilo si la adabu peke yake. Na mkubaliane mapema mtaendeleaje kwa ujumbe mfupi mtandao ukikata. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, aliyekuwa amelipia na asiyelipia walikaa gizani pamoja.

Nilikuwa nimekwisha kuliandika jina la programu hapa, nikalifuta. Si kwamba sina langu; ninalo, na baba yako analijua kwa sababu amelisikia mezani mara nyingi kuliko alivyopenda. Lakini fedha ni za wazazi wa huko na kamati ni yenu, nami nikilitaja utakwenda nalo kikaoni ukasema "mama amesema," na nakufahamu. Jaribuni mbili, kila moja kwa mkutano kamili wenye mkalimani, kisha waulizeni wajumbe viziwi ni ipi waliyoonekana ndani yake. Ukinipigia Jumapili na kunibana sana, siahidi kwamba nitanyamaza.

Nitumie ajenda ya mkutano wenu wa kwanza, na uniambie ni nani atakayeuendesha na kama mkalimani ameshapatikana. Kama bado, dada yako ana rafiki huko Mwanza anayeweza kuwaelekeza.

Mama yako