Dada, kabla hujalipa hiyo fomu, hesabu vichwa

Dada, hiyo hela irudishe kwenye pochi kwanza. Nimesoma uzi wako mpaka pale ulipoandika "kesho naenda kulipia fomu", nikaacha chai ipoe.

Kwa mnaoingia sasa hivi: mleta uzi ana binti aliyemaliza la saba. TAMISEMI (ofisi ya serikali inayopangia watoto shule) wamempangia sekondari ya kata, yaani ya serikali ya hapo hapo mtaani, huko Ubungo, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka nyumbani, ila yeye anafikiria kulipia fomu ya shule binafsi. Majirani wamemvuruga. Mama mwenye genge anasema shule nzuri, mwanawe ametokea pale na sasa yuko chuo. Baba wa nyumba ya pili anasema pale ni kijiwe cha wahuni waliovaa sare. Mwalimu mstaafu wa mtaani anasema "inategemea". Dada anataka kujua mkweli ni nani, na ameongeza maswali ya daladala, tuisheni na huu mkondo wa amali (ule wa kusomea ufundi na ujuzi wa kazi). Nitajibu ninayoyaweza, tuanze na la kwanza.

Wote watatu ni wakweli, ndiyo maana hawakusaidii. Sekondari ya kata ya mjini inaweza kuwa na mikondo, yaani madarasa ya kidato kimoja, A mpaka F, nyingine zinafika H. Mtoto wa mama wa genge bila shaka alikuwa A, wale wanaojulikana kwa majina na mwalimu wa hesabu. Wa nyumba ya pili alikuwa huko F, ambako kipindi cha fizikia ni kipindi cha stori, kwa sababu mwalimu aliyepo ni wa kujitolea, anategemea michango ya wazazi, na nusu ya wazazi hatuchangi. Bendera moja, kengele moja, shule mbili. Ukiendelea kuuliza utapata jibu jipya kila nyumba mpaka ufike Kimara.

Mimi niliuliza hivyo hivyo. Desemba 2019 kijana wangu wa kwanza alipangiwa shule ya kata karibu na kwetu Tabata. Mama watoto akasema aende, mbona wa dada yake amesoma hapo hapo na ana akili zake. Mimi nikasema mwanangu hawezi kusoma darasa la watoto sabini. Nilisema kwa sauti kubwa kabisa, kama mtu mwenye hela.

Hapo ndipo akaja jamaa yangu wa kijiwe cha kahawa. Sitamtaja, anajijua, na akisoma hapa ajue kwamba kashata zile tatu bado namdai. Akatoa simu, akanionyesha matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2018 ya shule moja binafsi, ya bweni, iko njia ya Bagamoyo. Divisheni (madaraja ya ufaulu, wani ndiyo ya juu, sifuri ni kufeli) wani 41, tu 12, three 3. Four hakuna. Sifuri hakuna. Halafu akafungua ile ya kata yetu: wani 6, tu 17, three 29, four 81, sifuri 38. Akaniuliza, "Wewe mwanao unampeleka kwenye hizi thelathini na nane?" Nikaona huyu ndiye rafiki. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwa kila mzazi aliyempeleka pale, jamaa alikuwa analipwa kitu kidogo na shule. Mimi nilinunuliwa kwa bei ya jezi feki ya Kariakoo, na kahawa siku ile nililipa mimi.

Ada na bweni milioni mbili na laki nane kwa mwaka, kwa awamu nne. Juu yake godoro, tranka, rimu mbili za karatasi, ndoo, jembe, fagio la chelewa na kitu kinaitwa pesa ya tahadhari, ambayo mpaka leo sijui walikuwa wanatahadhari na nini. Mwaka wa kwanza nikakopa SACCOS. Machi 2020 ikaja korona, shule zikafungwa nchi nzima hadi mwishoni mwa Juni. Mtoto yuko sebuleni anaangalia katuni, mhasibu ananitumia ujumbe wa kukumbushia awamu ya pili. Nikalipa. Nilikuwa naogopa asipoteze nafasi, fikiria.

Novemba ikaja ripoti. Wastani wake 43. Shule inataka 50. Nikaitwa kwa mwalimu wa taaluma, ofisi ina vikombe vingi kuliko vya timu ya Ligi Kuu. Akaniambia mtoto achague kukariri kidato cha kwanza au ahame. Nikauliza, si mtihani wenu wa ndani tu huu? Akajibu, "Mzazi, sisi tunalinda jina la shule." Jibu zuri la kumpa ninalo: na jina la mwanangu linalindwa na nani? Bahati mbaya lilinijia nikiwa kwenye daladala, tumeshapita Tegeta.

Sasa sikiliza hapa, maana kosa langu la gharama ni hili, kuliko hata lile la kumpeleka. Mama watoto alisema mara moja: mrudishe nyumbani, aende kata, anaingia kidato cha pili na wenzake, kelele zimeisha. Ilikuwa imebaki miezi miwili shule zifunguliwe na uhamisho ungewezekana. Mimi nikaona aibu. Nitamwambia nini yule jirani niliyemtambia? Pale kijiweni nitakaa upande gani wa benchi? Nikasema akariri. Yaani nililipa mwaka mzima mwingine, milioni mbili na laki nane, mtoto asome kitu kile kile, kwa mwalimu yule yule aliyeshindwa kumfundisha mara ya kwanza. Duka likikuuzia redio mbovu hulipi mara ya pili ili waijaribu tena. Mimi nililipa.

Na hela haikuwepo. SACCOS walikuwa bado wananidai. Nikaingia kausha damu, wale wakopeshaji wa marejesho kila wiki. Wakaanza kumpigia simu shemeji yangu, kumbe nilimwandika mdhamini. Mwisho nikauza kiwanja cha Chanika, ishirini kwa ishirini, kilikuwa na mwembe. Aliyenunua ameshajenga, amepaua bati la msauzi. Nikipita njia ile naangalia upande wa pili kama nimeona mtu ninayemfahamu.

Mtoto mwenyewe alibadilika. Alikuwa mwongeaji, akawa mtu wa kujibu "ndiyo baba". Likizo akikutana na wenzake wa la saba wanaongelea kidato cha pili, yeye anageuza mazungumzo kuwa ya mpira. Hili silitanii.

Mwaka 2022 akafanya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili. Akafaulu! Baraza la Mitihani lenyewe limesema huyu aendelee kidato cha tatu. Nikanunua soda kreti nzima. Januari 2023 ikapigwa simu: amefaulu ya taifa, hajafikisha wastani wa shule. Nikapewa njia mbili. Ya kwanza, aendelee kusoma pale kwa ada ile ile, ila mtihani wa kidato cha nne atasajiliwa kituo kingine, shule ya rafiki yao, ili asichafue ukurasa wao. Ya pili, ahame. Nikachagua kuhama, wakaniandikia barua, na kwenye barua imeandikwa mtoto anahama "kwa ombi la mzazi". Kwa ombi langu! Serikali imeshakataza mara kadhaa mambo ya kufukuza watoto kwa wastani wa shule. Kila mwaka tunasikia katazo, na kila Januari wazazi tunagundua kwamba tuliomba wenyewe.

Mwezi ule ule Baraza la Mitihani likatangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala wanafunzi bora, likasema utaratibu ule ulikuwa kama kuzifanyia shule matangazo. Watu humu mkalia sana. Mimi nilipiga makofi peke yangu sebuleni, mama watoto akauliza Simba imefunga?

Usiku huo nikafanya nilichotakiwa kufanya Desemba 2019. Nikaingia tovuti ya Baraza, nikachukua namba ya kituo (namba ya shule kwenye mitihani) ya ile shule ya Bagamoyo, nikafungua upimaji wa kidato cha pili mwaka 2016. Watahiniwa 118. Nikafungua kidato cha nne 2018, darasa lile lile miaka miwili baadaye. Watahiniwa 56. Sitini na wawili wako wapi? Hawakufa, tungesikia kwenye taarifa ya habari. Wote waliomba kuhama, kwa ombi la mzazi, sitini na wawili. Shule haikuwa na sifuri kwa sababu kila aliyenukia sifuri alishatolewa kwa mlango wa nyuma akiwa na tranka lake.

Nikafungua ile ya kata. Kidato cha pili 204, kidato cha nne 171. Wamepungua 33, kuna watoro, kuna waliorudia kidato, kuna waliohama kweli. Lakini waliobaki wote wamehesabiwa hadharani, pamoja na wale 38 nilioonyeshwa kijiweni. Hakuna aliyefichwa.

Kwa hiyo dada, kanuni yangu ni moja na nitaiandika mpaka vidole viume: HESABU VICHWA. Namba ya kituo inaanza na S, waombe shule, wasipokupa tafuta jina kwenye orodha. Fungua upimaji wa kidato cha pili wa mwaka wowote, chini ya lile jedwali la wavulana na wasichana kuna jumla. Halafu fungua kidato cha nne miaka miwili mbele. 2021 linganisha na 2023. 2022 linganisha na 2024. Fanya miaka mitatu, mwaka mmoja unaweza kudanganya. Divisheni usiziangalie kabisa mpaka umalize kuhesabu, zitakupumbaza kama zilivyonipumbaza mimi.

Zipo shule binafsi ambazo vichwa vinatimia. Wameingia 90, wametoka 86, na wamefaulu. Hizo sina ugomvi nazo, ukiwa na hela mpeleke. Wanaonikera ni wale wanaochuja mlangoni kwa usaili, wanachuja tena kidato cha kwanza, wanachuja cha pili, halafu wanaweka bango barabarani.

Najua kuna mtu anakuja kuniambia natetea shule za kata kwa kuwa nilifulia. Nilifulia, ndiyo. Ila fikiria hili. Matokeo ya la saba yakitoka, wenye alama za juu kabisa wanapelekwa Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala na wenzao. Wenye wazazi wenye hela wanakwenda kwenye usaili wa kulipia. Tui zito limeshakamuliwa, kata inaletewa machicha (samahani watoto, na wangu yumo), halafu tunakaa kijiweni kuicheka kwamba wali wake hauna nazi. Wani sita kutoka kwenye machicha? Mwalimu aliyezitoa angepewa vile vikombe vya ofisi ya taaluma.

Haina maana pale ni peponi. Mwanangu aliingia kidato cha tatu hapo kata 2023, viti walikuwa wanagombania, mwalimu wa fizikia alikuja muhula wa pili, na hesabu alipata F. Ila hesabu nchi nzima tunalia, wanaofaulu kidato cha nne hawafiki theluthi ya watahiniwa, hata huko kwenye mabango hawakwambii. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyemfufua. Kijana wa kawaida tu, anakuja na bodaboda yake, aliona dogo hazungumzi akampa kazi ya kuchora ramani ubaoni kila kipindi. Mwaka 2024 alifanya mtihani, akatoka na three ya pointi 24. Wenzake wa la saba walikuwa wameshamaliza mwaka mmoja kabla. Jumla niliyotumia njia ya Bagamoyo sitaiandika hapa, mama watoto ana akaunti humu.

Mkondo wa amali, eeh, uliuliza, huo siujui. Na daladala: unakaa dakika kumi na tano kwa miguu, daladala ya nini? Kama ulikuwa unauliza ya kwenda huko unakotaka kulipia, nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, tatizo ni konda kukubali kumpakia. Tuisheni waulize wengine.

Wewe nitumie majina ya shule zote mbili inboksi, ya kata na hiyo ya fomu, nitakuhesabia mwenyewe usiku huu, bure. Nimeshawahesabia wazazi kumi na moja. Wiki iliyopita hata yule jamaa wa kahawa alinitumia ujumbe WhatsApp, amesahau ananidai nini na namdai nini: "Ndugu yangu, nafasi za kidato cha kwanza zipo, shule nzuri sana, haina sifuri." Nikamjibu anitumie namba ya kituo.

Tiki mbili za bluu, tangu Jumanne.