Kabla ya kuibana gridi: ushauri kwa anayeiga vimbunga kwa modeli za tabianchi

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaoanza kazi ya kuiga vimbunga vya kitropiki kwa modeli za tabianchi ni hili: gridi, yaani mtandao wa vijisanduku ambavyo modeli huigawia dunia, iwe finyu kiasi gani ndipo kimbunga kinachozaliwa ndani ya modeli kiaminike? Nimezoea kulijibu kwa swali lingine: unataka kimbunga hicho kikuambie nini? Yuko anayetaka idadi ya vimbunga kwa msimu, yuko anayetaka njia vinazopita, yuko anayetaka kasi ya juu ya upepo, na yuko anayetaka mvua itakayonyesha mbali na pwani. Gridi inayomtosha mmoja wao yaweza kumpotosha mwingine kabisa.

Modeli hazikuanza jana kuzaa vimbunga. Mwaka 1970 mwanasayansi wa tabianchi Syukuro Manabe na wenzake walieleza mizunguko ya hewa inayofanana na vimbunga, iliyojitokeza yenyewe katika modeli ambayo gridi yake ilikuwa ya mamia ya kilomita. Hata leo modeli nyingi zinazotumika katika tathmini za IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, zina gridi ya takriban kilomita 100, ilhali jicho la kimbunga kwa kawaida lina kipenyo cha kilomita 30 hadi 65, na ukuta wa mawingu unaolizunguka, ambamo ndimo upepo mkali ulimo, ni mwembamba zaidi. Isitoshe, modeli hailichori vizuri umbo lenye upana wa kijisanduku kimoja cha gridi. Inahitaji vijisanduku vinne hadi vinane, pengine zaidi, ndipo umbo hilo litokee sawasawa. Maana yake ni kwamba gridi ya kilomita 25 inaonyesha kwa uhakika mambo yenye upana wa kilomita 100 hadi 200 tu. Nalisisitiza hili kwa kila ninayefanya naye kazi, kwa sababu mtu akishalielewa hataushangaa tena upepo dhaifu anaoukuta kuzunguka jicho la kimbunga chake.

Mradi wa kimataifa wa HighResMIP, ambao ni sehemu ya CMIP6, awamu ya sita ya mpango wa kimataifa wa kulinganisha modeli za tabianchi, ulilinganisha modeli zilezile katika gridi za kawaida na katika gridi za takriban kilomita 25 hadi 50, kwa kipindi cha 1950 hadi 2050. Picha iliyopatikana inalingana na niliyoiona katika kazi yangu: gridi inapobanwa, idadi ya vimbunga na njia zake husogea karibu na hali halisi, hasa katika Atlantiki ya Kaskazini, lakini vimbunga vikali kupindukia bado ni adimu. Mgandamizo wa hewa katikati ya kimbunga waweza kushuka inavyotakiwa huku upepo ukibaki nyuma. Kwa hiyo anayehitaji idadi na njia aridhike na kilomita 25 au hata 50, na anayehitaji kasi ya juu ya upepo ajue kwamba atalazimika kushuka hadi kilomita chache, ambako modeli huanza kuunda mawingu ya ngurumo yenyewe badala ya kuyakadiria kwa kanuni, au atumie modeli ndogo ya eneo ndani ya modeli ya dunia.

Gharama ndiyo inayofanya uamuzi huu uwe mgumu. Ukiugawa kwa nusu umbali kati ya nukta za gridi, nukta zinaongezeka mara nne, na hatua ya muda nayo inabidi ipunguzwe kwa nusu ili hesabu zisivurugike. Hivyo kazi ya kompyuta inakuwa takriban mara nane, hata kabla ya kuongeza matabaka ya kwenda juu. Kutoka kilomita 100 hadi 25 ni takriban mara sitini na nne. Muda huohuo wa kompyuta ungeweza kununua miaka mingi zaidi ya uigaji, au maendesho mengi ya modeli moja yanayoanza kwa tofauti ndogo tu za hali ya hewa. Dunia nzima hupata vimbunga takriban 80 hadi 90 kwa mwaka, lakini pwani moja hupata vichache sana, na El Niño na La Niña, yaani vipindi vya joto na vya baridi vya Bahari ya Pasifiki, huvihamisha kutoka bahari moja hadi nyingine. Miaka michache ya gridi maridadi haiwezi kutenganisha bahati na badiliko la kweli. Kama swali linahusu hatari katika pwani fulani, mimi huchagua maendesho mengi ya kilomita 50 kuliko endesho moja fupi la kilomita 5, na sijawahi kuona sababu ya kubadili msimamo huo.

Hata hivyo gridi si kila kitu. Kanuni zinazokadiria mawingu ya ngurumo zinaweza kubadilisha idadi ya vimbunga kuliko kuibana gridi kunavyoweza, na modeli mbili zenye gridi sawa zinaweza kutofautiana sana. Vilevile mgawo wa msuguano kati ya upepo na bahari, yaani namba inayoonyesha jinsi bahari inavyoushika upepo, hauendelei kupanda bila kikomo: vipimo vimeonyesha kwamba unaacha kuongezeka upepo unapofikia takriban mita 33 kwa sekunde, na modeli isiyozingatia hilo huvizuia vimbunga vikali kwa kosa lisilohusiana na gridi. Ndiyo maana, kabla ya kuanza uigaji mrefu, ninashauri kuweka mzunguko mmoja dhaifu juu ya bahari isiyo na nchi kavu, yenye joto moja kote, kisha kuutazama ukikua kwa siku kumi hivi. Ni jaribio la bei nafuu, na linafichua kasoro za fizikia mapema, kabla hazijajificha katika takwimu za miongo mizima.

Bahari nayo inadai uamuzi wake. Kimbunga huchochea maji na kuyapandisha yaliyo baridi kutoka chini, na maji hayo hukipunguzia nguvu, hasa kinapokwenda polepole. Modeli ya anga pekee, iliyopewa joto la uso wa bahari kutoka nje, haina breki hiyo, kwa hiyo huelekea kuzidisha ukali. Modeli iliyounganishwa na bahari inayo breki, ila huja na makosa yake ya joto la bahari, ambayo huhamisha mahali vimbunga vinapozaliwa. Ukiweza, endesha zote mbili na uzilinganishe. Usipoweza, eleza wazi ni ipi uliyotumia.

Kisha kuna kazi ya kuvitambua vimbunga ndani ya data, ambayo wengi huiona ndogo, nami naiona ndiyo kitovu cha kazi nzima. Programu za ufuatiliaji kama TempestExtremes na TRACK hutafuta mgandamizo mdogo wa hewa, mzunguko wa hewa na kiini chenye joto, lakini viwango vyake huwekwa na mtu. Kiwango cha upepo cha takriban mita 17 kwa sekunde, kinachotenganisha dhoruba ya kitropiki na mgandamizo mdogo wa kawaida, hakiwezi kutumika vilevile katika gridi ya kilomita 100; ni lazima kishushwe kulingana na gridi. Tumia programu mbili tofauti, badilisha viwango kidogo, na kama hitimisho lako linageuka, basi limetokana na programu wala si na tabianchi. Programu hizohizo zipitishwe pia juu ya ERA5, picha ya hali ya hewa iliyopita iliyojengwa kwa kuunganisha vipimo na modeli, yenye gridi ya takriban kilomita 31, ndipo ulinganishe na IBTrACS, kumbukumbu za kimataifa za vimbunga halisi. Katika kumbukumbu hizo angalia kwamba vituo vingine huripoti wastani wa upepo wa dakika 1 na vingine wa dakika 10, na kwamba miaka ya kabla ya satelaiti ina mapengo makubwa katikati ya bahari.

Amua kuhusu data mapema. Hifadhi upepo, mgandamizo na joto la matabaka ya juu kila baada ya saa sita, kama thamani za papo hapo. Wastani wa siku hufuta vimbunga, na ukishaukosa undani huo hakuna njia ya kuurudisha isipokuwa kuendesha modeli upya.

Na mvua isiwekwe pembeni. Kimbunga Freddy cha mwaka 2023 kiliivuka Bahari ya Hindi, kikaingia Msumbiji mara mbili, na vifo vingi kilivyosababisha vilitokea Malawi, nchi isiyo na pwani, kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Hewa hubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la joto, na kwa sababu hiyo ongezeko la mvua ya vimbunga ni miongoni mwa matokeo ambayo modeli zinakubaliana zaidi, pamoja na kukua kwa sehemu ya vimbunga vikali. Kuhusu idadi yake bado zinatofautiana. Ninapompa matokeo mhandisi wa madaraja au mpangaji wa miji, simpi kasi ya upepo kama ilivyotoka kwenye modeli. Nampa uwiano wa mabadiliko kati ya kipindi kilichopita na kijacho, pamoja na tofauti kati ya modeli na modeli, naye huutumia juu ya vipimo halisi vya eneo lake.