Wadogo zangu wa mifugo, kabla hujafungua kadi ya kipimo

Umetoka chuo, umepangiwa kata huko Monduli au Longido, na umekabidhiwa vipimo vya haraka vya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa nchini mwaka 2008 kule Ngorongoro. Kuvitumia si kazi: unapangusa jicho kwa kijiti cha pamba, unakikoroga kwenye majimaji yake, unadondosha matone kwenye kadi, unasubiri mistari. Kazi ni kuchagua mbuzi.

Mwenye boma atakuletea aliye hoi, anayeharisha hata kusimama hawezi. Mshukuru mzee, lakini usimtegemee mbuzi huyo peke yake. Mnyama aliyeugua siku nyingi kinga yake imeshavivamia virusi, na kadi inaweza kutoa mstari mmoja tu, yaani hasi, hali sotoka imo zizini. Ingia mwenyewe, tafuta wenye homa, ambao machozi bado ni mepesi na kamasi haijaganda puani. Pima watatu au wanne. Themometa wengi wanaiona ya kizamani, mimi siiachi.

Mstari wa C, ule unaoonyesha kadi imefanya kazi, usipotokea, kadi hiyo haina jibu, tupa. Na uzingatie dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Mstari uliochomoza wakati mmeshakunywa chai hauhesabiki.

Kadi zote zikitoa hasi na mbuzi bado wanakohoa na kufa, usimwambie mtu kundi lake ni zima. Huenda ni homa ya mapafu, ile Wamasai wanayoiita orkipei, ambayo wala si ya virusi. Chukua sampuli, ziweke kwenye barafu, zipeleke Arusha, kwenye maabara ya TVLA, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Kadi zikitoa chanya, mpigie kwanza daktari wa mifugo wa wilaya, kabla habari haijafika mnada wa Meserani.

Angalia pia kipimo ulichopewa kinatafuta nini. Kama ni cha kingamwili, kundi lililochanjwa nalo litatoa chanya.

Mvua zikizidi na mifugo ikaanza kutupa mimba kwa wingi, fikiria Homa ya Bonde la Ufa. Hiyo inaua watu. Mwaka 2007 iliua hapa nchini. Vaa glovu, barakoa na miwani kabla ya kugusa kitoto kilichotupwa, hata kama wenyeji wanakucheka.

Namba ya sampuli iandike kwenye kichupa chenyewe, kwa wino usiofutika. Karatasi ya kubandika hubanduka barafu ikiyeyuka.