Jibu: Je, inafaa kuirudia filamu uliyoichukia?

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna faida ya kuitazama tena filamu iliyokuchukiza, au ni kupoteza saa mbili nyingine. Naamini faida ipo, ingawa si kwa kila filamu.

Mara ya kwanza akili hushughulika na kisa, nani kafanya nini na mwisho utakuwaje. Mara ya pili, kwa kuwa mwisho unaujua, macho hupata nafasi ya kutulia kwenye mwanga, kwenye nyuso za waigizaji na hata kwenye ukimya. Ndivyo ilivyonitokea kwa Blade Runner ya Ridley Scott (1982), ambayo niliitazama usiku nikiwa nimechoka, nikaiona nzito na baridi. Miaka kadhaa baadaye niliirudia katika toleo la 1992, lililoondoa sauti ya msimulizi na ule mwisho wa furaha, na nilipofika pale adui anapoketi juu ya paa, mvua ikimchuruzika usoni na njiwa mweupe mkononi, akizungumza taratibu kabla ya kufa, nilimlilia mtu ambaye awali nilimwona katili tu.

Basi jiulize kwanza ni nini hasa kilikuudhi. Ikiwa ni mwendo wa polepole, uchovu wako au matarajio uliyojengewa na tangazo, irudie. Ikiwa ni mazungumzo yaliyoandikwa ovyo, sioni sababu ya kujitesa.