Usilipie safari ya kusini ya Februari kwa kuambiwa "ni kiangazi"

Mkuu, hiyo amana ya Ijumaa usiitume. Soma kwanza.

Umeandika kwamba dada yako na wanawe wanakuja kutoka Muscat, mtakuwa sita kwenye Noah moja, siku 14 kuanzia tarehe 7 Februari: Dar, Mikumi, Ruaha, Mbeya, Kitulo, Matema, Mbamba Bay, Songea, Masasi, Kilwa, halafu mmalizie Unguja. Na wakala amekuhakikishia kuwa "Februari ni kiangazi, mvua zinaanza Machi". Mimi niliuziwa sentensi hiyohiyo, neno kwa neno. Siku nne za hifadhini nilizokwisha kuzilipia zikaishia kwenye nyumba ya wageni Iringa, na amana haikurudi. Yangu ni hayo tu. Kinachoniuma ni kwamba sentensi ile bado iko sokoni na inapata wateja.

Februari ni kiangazi Dar, Tanga, Moshi na Unguja. Huko unakopanga kwenda, Februari ni katikati ya mvua.

Sababu yake si ngumu. Ukanda wa mvua hulifuata jua la utosi. Kaskazini mwa nchi na pwani ya kaskazini unapita mara mbili: ukishuka unaleta vuli, Oktoba hadi Desemba, ukipanda unaleta masika, Machi hadi Mei. Kati ya safari hizo mbili, Januari na Februari, kaskazi inavuma kavu na watu wa Dar wanalia joto. Sasa jiulize, miezi hiyo miwili ukanda wenyewe uko wapi? Umeshuka kusini na umetulia hukohuko. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inaigawa nchi mafungu mawili. Mikoa ya vuli na masika ni Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Mara, Arusha, Manyara, Kilimanjaro, Tanga, Dar, Pwani, kaskazini ya Morogoro na ya Kigoma, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Iliyobaki inapata msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili: Dodoma, Singida, Tabora, Katavi, Rukwa, Songwe, Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Lindi, Mtwara, kusini ya Morogoro na sehemu kubwa ya Kigoma. Chukua orodha yako ya vituo uipige kwenye fungu hilo la pili. Ukitoa Dar na Unguja, karibu vyote vimo. Lindi na Mtwara ndizo zinazowaponza wengi, kwa sababu mtu akiona bahari anadhani mvua ni zilezile za Dar.

Sasa niseme la wakala. Mtu anayechapisha jedwali lenye kichwa "Tanzania", miezi 12, kijani na nyekundu, safu moja tu kwa nchi yenye Tukuyu na Dodoma ndani yake, hastahili kushika pesa za familia ya mtu. Dodoma inapata kama milimita 600 kwa mwaka. Tukuyu inapita 2,000. Jedwali lile limetengenezwa kwa ajili ya Serengeti na Unguja, kwa sababu ndiko wageni wengi wanakopelekwa, halafu mteja akitaja Ruaha anafunguliwa ukurasa uleule. Hakuna aliyempigia simu hata dereva mmoja wa Iringa.

Na hata ukipiga simu, neno lenyewe linaweza kukugeuka. Vuli, masika, kipupwe, kiangazi, kwa maana tulizofundishwa, ni kalenda ya pwani. Bara wanayatumia maneno hayohayo kwa miezi mingine. Mtu wa Songea akikuambia "njooni kiangazi", anamaanisha Juni hadi Oktoba. Wewe wa Dar unasikia Januari. Akikuambia "masika huku barabara mbaya", anasema kuanzia Desemba, wewe unasikia Aprili. Hakuna aliyesema uongo, lakini gari liko topeni. Kwa hiyo kanuni ni moja, iandike ukutani: usiulize msimu, taja mwezi na taja wilaya. "Wiki ya pili ya Februari, Iringa Vijijini, kuelekea hifadhini, gari dogo linapita?" Hilo ni swali. "Kiangazi kunapitika?" si swali.

Tuje kwenye Noah. Lami ya Dar hadi Mbeya haina shida na Noah. Kaa macho kwenye mlima wa Kitonga tu, kabla ya Iringa: mvua ikinyesha malori yanateleza, moja likilala katikati ya kona mnaweza kusimama nusu siku, kwa hiyo pitieni asubuhi. Shida inaanza mkiiacha lami. Iringa hadi makao ya Hifadhi ya Ruaha pale Msembe ni kama kilomita 130. Pale ambapo ni changarawe unaweza kuteleza ukafika. Pale ambapo ni udongo mweusi wa mfinyanzi, Februari hufiki. Udongo ule ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kiganja. Ukinyonya maji unavimba na kugeuka utelezi. Mzunguko wa kwanza wa tairi unajaza tope nafasi zote za kashata, yaani meno ya tairi, na kuanzia hapo tairi jipya halina tofauti na kipara. Mzunguko wa kumi tope limejaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu halizunguki, na dereva bado anakanyaga mafuta. Noah ikikalia tumbo, watu sita hamuitoi. Inataka gari la 4x4 lililoinuka, kamba ya kuvutia, koleo mbili na vipande vya mbao vya kuwekea jeki ili isizame. Shusheni upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 20 au 22 kabla ya kuingia topeni, maana mkishakwama mmechelewa, na muwe na pampu ya kuurudisha mkifika changarawe. Muwe pia na dereva anayejua kuliacha gari litambae gia ya chini bila kukanyaga breki.

Ndani ya hifadhi kuna makorongo ya mchanga kama Mdonya na Mwagusi. Kiangazi chao ni barabara, unapita juu ya mchanga mkavu. Februari mvua inapiga vilimani, wewe juu yako ni jua, na dakika chache baadaye maji ya kahawia yanashuka yakiwa na magogo. Dereva mzuri anasimama mbali na ukingo, anaweka jiwe pale maji yalipofika, anasubiri. Jiwe likibaki kavu, maji yanashuka. Mengi hupungua baada ya saa chache. Jiwe likizama, geuzeni. Maji yanayokwenda kasi na kufika nusu ya gurudumu hayajaribiwi, hata dereva akiapa kwamba jana alipita. Mchanga wa chini jana si wa leo.

Na mkishafika, mnaona nini? Ruaha ya Agosti hadi Oktoba inapendeza kwa sababu maji yamebaki mto Ruaha Mkuu na visima vichache, basi tembo, nyati na simba wanakuja wenyewe. Februari kila dimbwi lina maji, majani yamefika kiunoni, wanyama wametawanyika porini. Ndege ni wengi na wazuri kweli, mbuyu una majani, picha ni za kijani. Mpenzi wa ndege aende. Watoto waliotoka Muscat kutaka kumwona simba watakaa garini kwa saa tano wakihesabu mbung'o.

Hifadhi ya Kitulo ndiyo inayokwenda kinyume. Maua yale, yaliyofanya uwanda ule uitwe Bustani ya Mungu, yanataka mvua. Desemba hadi Aprili ndipo yalipo, na ukienda Julai utakuta nyasi kavu na umande ulioganda asubuhi. Basi Februari ni sahihi kwa Kitulo, ila njia ndiyo ya kuchagua. Kutoka Chimala kuna ile barabara ya Hamsini na Saba inayopanda kwenda Matamba, imeitwa hivyo kwa idadi ya kona zake. Ikiwa imelowa iacheni. Pandeni kutokea Isyonje, upande wa barabara ya Tukuyu, kwa gari la 4x4 la kukodi Mbeya na dereva wake, Noah ibaki mjini. Masweta ni lazima hata Februari, mko zaidi ya mita 2,600.

Matema na Mbamba Bay kwenye ramani ni majirani wa ziwa moja, Nyasa. Barabarani si hivyo. Milima ya Livingstone inashuka hadi majini, hakuna pa kupitisha Noah, kwa hiyo mnarudi Mbeya, Makambako, Njombe, Songea, Mbinga, ndipo Mbamba Bay: zaidi ya kilomita 700. Wakala aliyewaandikia siku moja hapo hajawahi kupita. Halafu Kyela na Tukuyu mvua yao inazidi Machi na Aprili na kuvuka hadi Mei, msidhani kuahirisha hadi Aprili ni nafuu.

Na ile barabara ya Lindi kwenda Dar ni lami, ila isiwape usingizi. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata upande wa Somanga, na Kusini ikatengwa na Dar. Machi 2020 maji yalikata barabara ya Morogoro na Dodoma pale Kiyegeya, Gairo, na hiyo ni barabara kuu ya nchi. Lami inazuia tope. Mto ulioamua kupita hauzuii. Acheni siku mbili tupu kabla ya ndege ya kurudi Muscat, msizijaze kitu.

Mna njia mbili. Ya kwanza, na ndiyo ningeichukua: hamisheni safari yote iwe Julai. Shule za Oman zinafungwa wakati wa joto, watoto wapo huru, na kusini yetu ni kavu. Dada yako mwambie hivi, ataelewa mara moja: Julai Muscat inaungua huku Salalah, kusini mwa Oman, kuna manyunyu ya msimu wanaouita khareef na watu wanamiminika huko. Nchi moja, mwezi mmoja, hali mbili. Na upepo wetu wa kusi ukivuka ikweta unapinda na kwenda kuileta khareef hiyohiyo. Gharama ya Julai ni baridi ya Njombe na Makete, inayokaribia sifuri alfajiri, na bahari iliyochafuka kwa kusi. Boti ya Unguja pandeni ya asubuhi na atakayetapika ale kidogo.

Ya pili, kama likizo ya Februari haisogei: geuzeni uelekeo. Ndutu, kusini mwa Serengeti, nyumbu wanazaa Januari hadi Machi na watoto wataona simba bila kusubiri. Ngorongoro iko njiani. Mafia papa potwe wapo Oktoba hadi Machi. Unguja kuna joto kali lakini kukavu. Hata Ndutu msiende na Noah, nyumbu wanafuata majani na majani yanafuata mvua, kwa hiyo manyunyu yapo na udongo unashika. Kodini Land Cruiser Arusha au Karatu.

Wakala mwandikieni, msimpigie tu, ajibu kwa maandishi: wiki hiyohiyo mwaka jana kambi ilikuwa wazi? Gari gani liliingia? Barabara ikifungwa, amana inarudi, inahamia tarehe nyingine, au inapotea? Kisha mtafute dereva wa daladala au bodaboda wa kijiji cha mwisho kabla ya geti, muulize jana nani alipita. Huyo hauzi kitu.

TMA someni utabiri wa Msimu wa Novemba hadi Aprili, ule wa Vuli hautawahusu. Mkiona "wastani hadi chini ya wastani" msishangilie: wastani ni wa eneo lenyewe, na chini ya wastani ya Tukuyu bado inaizidi juu ya wastani ya Dodoma. Siku tano kabla ya kuondoka fuateni taarifa zao za kila siku na viwango vyake vitatu vya onyo. Angalizo, endeleeni mkiwa macho. Tahadhari, bakini kwenye lami. Tahadhari kubwa, msitoke mlipo.

Leo Jumatano. Mwandikie wakala usiku huu, na kama hadi Ijumaa saa nne hajajibu lile swali la amana, pesa ibaki kwako.