Uhamisho wa Tabora na mtoto mwenye kifafa

SWALI: Mume wangu ni mwanajeshi, amehamishiwa Tabora. Mwanangu wa miaka 8 ana kifafa na anasoma kitengo cha elimu maalumu. Nianzie wapi? Mama G., Kigoma

JIBU: Mama G., anza na dawa. Omba hospitali ya Maweni barua ya kupeleka hospitali ya Kitete, Tabora, iandikwe jina la dawa, miligramu na saa za kumeza. Dawa za mwezi mzima weka kwenye mkoba wako, si kwenye lori la mizigo. Lori likikwama siku mbili, dozi zinakatika, na kifafa hurudi kwa nguvu. Kukosa usingizi nako huchochea, kwa hiyo kwenye treni mtafutie behewa la kulala.

Shule ya sasa ianzishe uhamisho kwa namba ya mtoto ya PReM, yaani namba yake ya usajili wa mwanafunzi. Watu watakutajia shule ya viziwi ya Tabora, si yake. Muulize afisa elimu maalumu wa halmashauri ni shule ipi ina kitengo kinachomfaa, ndipo utafute nyumba karibu.

Mwalimu mpya mwambie mapema: mtoto akianguka, alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni. Degedege ikizidi dakika 5, hospitali.