Meza ya mtoto ya kuchorea: rangi ya geti na unga wa betri si vya hapo

Swali: Fundi, nimemtengenezea binti yangu wa miaka mitatu meza ndogo ya mbao za saiprasi. Ningependa juu yake pawe pa kuchorea kwa chaki. Jirani ananishauri nitwange makaa ya betri kuukuu za tochi, niyakoroge na rangi nyeusi ya mafuta iliyobaki tulipopaka geti, ati ndivyo mbao za shule zilivyopakwa zamani. La sivyo nibandike melamini nyeupe, atumie kalamu za maka. Nifanye lipi? (Mama mmoja, Mamboleo, Kisumu)

Jibu: Mama, hongera kwa kazi. Lakini betri zisipasuliwe, na hilo kopo la geti lirudi stoo.

Jirani yako hakudanganya: mbao za shule nyingi zilipakwa unga wa betri. Ila ule unga si makaa. Katikati ya betri ya tochi mna kijiti cha kaboni. Unga mweusi unaokizunguka kwa sehemu kubwa ni dioksidi ya manganizi, pamoja na kaboni na chumvi za amonia au zinki. Betri za zamani zilitiwa na zebaki pia. Vumbi la manganizi likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu. Shule zilifanya hivyo kwa kukosa pesa, na ubao ule ulitundikwa ukutani. Hakuna aliyeweka uji na mandazi juu yake.

Sasa rangi. Kila mzazi ninayemkataza ananijibu, "Si itakauka, fundi? Harufu ikiisha sumu imeisha." Kauli hiyo inaniudhi kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu mafundi wenzangu ndio wanaoieneza. Harufu ni ya thina, na thina kweli huruka ikaisha. Sumu yenyewe ni madini ya risasi, nayo hayana harufu wala hayaruki. Hubaki ndani ya rangi miaka nenda miaka rudi. Yalitiwa kwenye rangi za mafuta ili zikauke upesi na zidumu, na zaidi katika za manjano, za machungwa na nyekundu ili zikolee. Kenya sasa imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi, lakini kopo lenye lebo iliyobanduka halikuambii lilitengenezwa lini wala na nani.

Geti likishapakwa huachwa. Ubao wa chaki hukwaruzwa kila siku: chaki inasugua kama msasa laini, na kitambaa cha kufutia huondoka na vumbi la chaki pamoja na chembe za rangi. Chembe hizo hubaki vidoleni, vidole vinaingia kinywani. Tena mtoto wa miaka mitatu bado huguguna ukingo wa meza. Mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Madhara yake kwenye ubongo wa mtoto hayarekebishiki.

Melamini haina sumu ya aina hiyo, lakini si ubao wa maka. Hufutika vizuri mwanzoni, halafu ikishapata mikwaruzo wino unaingia na kuacha madoa yasiyotoka. Na kifuniko cha maka kinaweza kumkaba mtoto wa umri huo.

Ukishikilia chaki, nunua rangi ya ubao iliyotengenezwa kwa maji, kopo limefungwa na lebo inasema haina risasi. Usiipake kwenye saiprasi yenyewe. Mafundo yake hutoa utomvu. Kata plaiwudi ya milimita 9, ipige msasa namba 240, paka mara mbili au tatu nyembamba, uiache siku 3. Kisha laza chaki ubavu, sugua ubao wote, ufute, ndipo achore. Ifunge juu ya meza kwa skrubu ili ikichakaa uibadilishe. Mimi kwa umri huo ningeweka fomaika nyeupe isiyong'aa, ile karatasi ngumu ya kubandika juu ya meza, nimpe karatasi na krayoni. Krayoni ikipita ukingo wa karatasi, kitambaa chenye sabuni kinatosha, na vumbi hakuna.

Wazazi wengine, ninyi mnaonunua vitanda na meza za watoto kando ya barabara, Kisumu hadi Nakuru: msiulize fundi kama rangi ni salama, maana atasema ni salama. Mwambieni awaonyeshe kopo, na msome lebo wenyewe. Rangi ya kupuliza magari haifai kitanda cha mtoto hata iwe na rangi ya waridi ya kupendeza namna gani. Na mbao ikinuka oili chafu ya injini, iliyopakwa kuzuia mchwa, iacheni hapohapo.

Tazameni pia miguu. Wapo wanaochonga miguu ya meza kutoka vipande vya nguzo za stima, zile zenye rangi ya kijani kibichi. Kijani kile ni dawa ya shaba na kromiamu, na mara nyingi ina aseniki, sumu kali. Kama meza yenu ina miguu hiyo, ing'oeni, wala msiitie jikoni kama kuni: ikiungua, aseniki hutoka kwenye moshi na nyingine hubaki kwenye majivu.